Willow Creek si mji wa matapeli

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa safari Jumapili iliyopita, mwandishi aliwashauri wanaozuru kaskazini mwa California waupite Willow Creek bila kushuka garini. Kwa maneno yake, mji ule unakula kwa uongo wa nyayo za Bigfoot, lile zimwi la manyoya linalosemekana kuishi msituni, na hauna lolote zaidi ya sanamu yake. Mimi nimekaa Willow Creek siku tatu, na nimeendesha katapila miaka 26 kabla ya kustaafu. Kwa sifa hizo mbili naomba nafasi nimjibu.

Kwanza niwakumbushe ninyi watu wa magazeti kwamba uongo huo, kama ni uongo, ulipitia mezani kwenu. Mwaka 1958 msomaji mmoja aliliandikia gazeti la Humboldt Times kuhusu nyayo kubwa ajabu walizoziona wafanyakazi msituni. Mwandishi wa safu, Andrew Genzoli, aliichapisha barua ile kwa mzaha tu. Wasomaji wakaidaka, wakataka zaidi. Ndipo jina la Bigfoot, yaani Mguu Mkubwa, likatoka kambini likaingia gazetini, na hadi leo halijarudi. Barua ya msomaji, Mhariri! Hata hii yangu naiandika kwa tahadhari.

Sasa huyu Jerry Crew, ambaye mwandishi wenu amemfanya kichekesho, alikuwa dereva wa katapila kama mimi. Walikuwa wanafungua barabara ya kutolea magogo karibu na kijito cha Bluff Creek. Asubuhi moja akakuta nyayo za mtu peku, urefu wa kama sentimita 40, zimepita kwenye udongo karibu na mashine yake. Udongo uliotoka kusukumwa na bledi ni laini, haufichi siri. Hata ndege akitua usiku, asubuhi utamjua. Na dereva anayejiheshimu hawashi mashine kabla ya kuizunguka, akikagua minyororo, akitafuta mafuta yaliyovuja, macho yote chini. Kwamba dereva ndiye aliyeziona, hilo sina shaka nalo hata kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifanya: akamimina plasta kwenye unyayo, ikakauka, akaubeba. Oktoba 1958 picha yake ikatoka gazetini, ameushika kwa mikono miwili.

Unyayo ulikuwa wa nani, hapo ni mjadala mwingine. Ray Wallace, mkandarasi wa barabara ile, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa miguu ya mbao iliyochongwa, ikasema mzee ndiye aliyekuwa akiivaa. Aliyewahi kulala kambi ya barabara hawezi kushangaa. Miezi mitatu porini, posho imechelewa, watu wazima wanarudi utotoni. Mimi mwenyewe nilimfichia makanika wetu buti moja kwa wiki nzima, na hadi leo anaamini lilichukuliwa na fisi.

Lakini je, wenyeji wanamficha mgeni habari hizo? Kwenye jumba lao la makumbusho nilimuuliza mzee aliyekuwa mapokezi kuhusu ile miguu ya mbao. Hakununa. Alicheka, akaniuliza kama nimeiona ile filamu fupi waliyopiga Roger Patterson na Bob Gimlin huko huko Bluff Creek mwaka 1967, na je, yule kiumbe anayeonekana ndani yake naye alivaa mbao? Tukabishana mpaka mjukuu wangu akachoka, akatoka nje kujipima urefu na sanamu. Ndani, plasta za nyayo zimepangwa kwa wingi, lakini kuna pia historia ya wachimba dhahabu na wakata magogo, ambayo watu wengi huipita mbio. Mimi niliganda kwenye misumeno.

Kuhusu mto, mwandishi wenu hakuandika hata neno moja, na hapo ndipo aliponiudhi. Sisi tulitoka Arcata, pwani, asubuhi ya Julai, ukungu mzito, nimevaa sweta. Ukipandisha milima kwa barabara ya 299, kama kilomita 60 hivi, unashukia kwenye joto la kuvua hata fulana. Mji ni mdogo, watu hawafiki 2,000, na Mto Trinity unapita hapo hapo. Watu wanaogelea, wanavua samaki, wanashuka na maji kwa mitumbwi ya mpira. Sijui kuogelea. Nilivalishwa jaketi la kuelea na kofia ngumu, nikakalishwa mbele eti kwa sababu ni mzito. Kwenye maporomoko ya kwanza nilipoteza miwani; kwenye ya pili niliacha kupiga kelele kwa kuwa kinywa kilijaa maji. Ningerudia kesho.

Siku ya tatu tulifuata barabara ya 96 kuelekea kaskazini. Kilomita kama 20 tu unaingia bonde la Hoopa, ardhi ya Wahupa, ambao wameishi kando ya mto huo tangu enzi na enzi. Nilizima redio ya gari. Mtu anayesema eneo lile halina kitu hakufika hata hapo, au alifika akiwa anatazama simu. Na nina wasiwasi na wanaokwenda kule kumwinda zimwi wakiwa na kamera, wanakanyaga kila mahali kana kwamba msitu hauna wenyewe.

Jioni ya mwisho mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, lipo au halipo?" Sikumjibu upesi. Alipoona nimenyamaza, akashika kasia kuukuu lililoachwa ukingoni, akaanza kuchora unyayo mkubwa kwenye mchanga, vidole vitano, kimoja kimoja. Nikamwambia kisigino hakijazama vya kutosha, kiumbe cha uzito ule hawezi kukanyaga kama kuku. Tukakirekebisha pamoja, tukachora na wa pili, hatua ndefu mbele ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiletewa barua kuhusu nyayo kando ya Mto Trinity, msiichape kabla ya kuniuliza.

Ni mimi,
Dereva wa katapila mstaafu