Halmashauri za kanda ya ziwa zimiliki bomba, kampuni zipangishe nyuzi

Ndugu Mhariri,

Barabara moja hapa Mwanza huchimbwa na kampuni ya simu, ikafukiwa, na udongo haujashikana anakuja mwingine na kijiko chake. Kila mmoja analipia mfereji wake, na gharama hiyo humrudia mteja kwenye bando. Katika mkongo wa faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, nyuzi zenyewe si ghali kiasi hicho. Fedha huliwa na kuchimba.

Tunapendekeza Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, pamoja na wenzao wa Geita, Musoma na Bukoba, wajenge mkongo mmoja wa pamoja na wamiliki bomba na nyuzi tupu tu. Intaneti wauze wengine. Jiji la Stockholm lilianzisha kampuni yake, Stokab, mwaka 1994 kwa mtindo huo: hupangisha nyuzi, basi. Lakini mingi ya miji ya Utah, Marekani, iliyoungana mwaka 2002 katika mradi wa mkongo wa pamoja uitwao UTOPIA ilidhamini mikopo kwa mapato yake ya kodi ya mauzo. Wateja wakaja polepole kuliko hesabu za kwenye makaratasi, na deni likabaki kwa miji. Kwa hiyo tuanze na njia ambazo wapangaji wake wanajulikana: hospitali za rufaa, vyuo, benki na minara ya simu.

Sasa mfereji wenyewe. Kwenye udongo wa kawaida kina kiwe mita 1.2, bomba la plastiki ngumu la milimita 40 lilale juu ya mchanga, na utepe wa onyo uwekwe kama sentimita 30 juu yake. Yalazwe mabomba matatu hata kama linalohitajika leo ni moja. Bomba tupu ni rahisi kuliko kuchimba upya. Mwanza lakini ni mji wa mawe. Ukifika kwenye jabali la Bugando au Capri Point, mita 1.2 ni ndoto. Hapo huvunjwa kina kifupi, bomba hupitishwa ndani ya chuma na kumwagiwa zege. Mkandarasi asiyelipwa bei ya mwamba ataacha waya kwenye sentimita 20, na fundi bomba wa kwanza kupita na sururu ataukata.

Njia ya Mwanza hadi Geita, kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ni kama kilomita 120. Kwa mwanga wa nanomita 1550 (urefu wa wimbi lake) uzi hupoteza takriban desibeli 0.22, kipimo cha mwanga unaopungua njiani, kwa kilomita, yaani 26.4 kwa njia nzima. Waya huja kwa magurudumu ya kilomita 4, hivyo kuna maungio kama 30. Kila moja likila desibeli 0.1, ongeza 3. Tayari ni zaidi ya 29, wakati moduli (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga) za kawaida za masafa ya kilomita 80 huvumilia 23 au 24. Lazima pawe na kituo cha kuupa mwanga nguvu upya, chenye umeme wa uhakika na betri pale Sengerema, karibu nusu ya njia. Ukikiacha ili kubana bajeti, taa ya upande wa Geita haitawaka.

Hesabu hiyo ni ya siku ya kwanza tu. Kila waya unapokatika, fundi huweka kipande cha kuungia, na hayo ni maungio mawili mapya. Mikato kumi ni desibeli 2 zaidi, hata kama kila fundi ni hodari. Asipokuwa hodari ni balaa: uzi usiofutwa kwa spiriti, au uliokatwa kwa pembe inayozidi digrii 1, hupoteza zaidi, na vumbi la kando ya barabara halimsubiri mtu. Kuunga kufanyike ndani ya hema au gari. Mpangilio wa rangi 12 za nyuzi, kuanzia buluu, chungwa, kijani na kahawia, ufuatwe kila chemba, yaani shimo lililojengewa la kutunzia maungio. Anayeuvuruga huwaachia wenzake fumbo la usiku mzima.

Chemba za karibu na maji zina shida yake. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha kihistoria na kufunika mialo. Chemba iliyojengwa kwa kufuata alama za ufukwe wa miaka ya ukame itakuwa kisima. Ijengwe juu ya kiwango cha 2020, na kasha la maungio liwe la kuzamishwa majini.

Halafu kuna suala la duara, na hapa ndipo Musoma na Bukoba wanapoingia. Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika, Afrika Mashariki iliyumba kwa siku kadhaa. Mstari ulionyooka hauna njia ya pili. Njia ya Mwanza–Musoma–Sirari na ya Geita–Bukoba–Mutukula zikiunganishwa na mitandao ya Kenya na Uganda, ukikatwa upande mmoja data huzunguka upande wa pili.

Mwisho, waya wa akiba. Mkataba utaje kilomita 4 za waya, makasha kumi na mashine ya kuungia kwa kila kituo: Mwanza, Musoma na Bukoba. Vikiwekwa ghala moja tu Mwanza, gari la mafundi litakesha barabarani kila Bukoba inapokatika.

Mafundi wa faiba,
Nyakato, Mwanza