Kilo pekee hazitoshi kumpima aliyepunguzwa tumbo

Mhariri,

Habari za waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huchapishwa kwa picha mbili, ya kabla na ya baada, na namba moja: fulani amepungua kilo 40. Anayeisoma habari hiyo akiwa nyumbani, mwezi wa pili baada ya upasuaji wake, hupanda mzani, akaona yeye kapungua kilo 15, akaamini kwamba upasuaji umemkataa. Siku hiyo hiyo huanza kuruka milo. Sisi tunaoshughulika na lishe ya wagonjwa hawa tunaliona kosa hili mara nyingi mno, na lina madhara. Tunaomba nafasi tueleze namna ya kuhesabu kalori na namna ya kupima maendeleo.

Kwanza ieleweke kwamba daftari la chakula, ambamo mgonjwa huandika kila anachokula na kalori zake, lina kazi mbili zinazopingana, kutegemea muda uliopita. Katika upasuaji wa kukata tumbo na kubakiza mrija, kiasi cha robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Katika ule wa kuunganisha, hubakizwa kifuko cha takriban mililita 30 kinachoungwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Kwa hiyo katika miezi sita ya mwanzo wengi hawasikii njaa kabisa. Hatari yao ni kula pungufu, na daftari lipo kuhakikisha chakula kinatosha. Baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu njaa hurudi, tumbo hupokea zaidi, na hapo daftari linageuka kuwa mlinzi wa kile kinachozidi. Anayelitumia kwa kazi ya pili wakati bado yuko katika ya kwanza hujinyima protini, na mwili hulipa kwa kula misuli yake wenyewe.

Wiki mbili za mwanzo, za vinywaji na vyakula vya majimaji, wengi hupata kalori 400 hadi 600 kwa siku. Mwezi wa pili na wa tatu huwa 600 hadi 800. Kufikia miezi sita ni kama 900 hadi 1,000, na baada ya mwaka wengi hutulia kati ya 1,200 na 1,500, kutegemea umbo, jinsia na kazi anayoifanya mtu. Hizi si namba za kushindania kuzishusha. Namba ya kulindwa kila siku ni ya protini, gramu 60 hadi 80, isipokuwa daktari wako amekupangia vinginevyo, hasa kama una ugonjwa wa figo.

Gramu 60 zinapatikana kwa chakula chetu cha kawaida. Yai moja lina protini gramu 6 na kalori kama 70. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8 na kalori 155 hivi. Samaki wa kuchemsha asiye na mafuta, gramu 100 bila miiba, hutoa gramu 20 na ushee kwa kalori kama 120. Maharage yaliyoiva, gramu 100, yana gramu 8 kwa kalori 125. Mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, samaki na maharage ya kiasi hicho, pamoja na nusu kikombe cha mtindi, vinafika gramu 60 kwa kalori zisizozidi 800. Ugumu uko kwenye ujazo: tumbo jipya halipokei hivyo vyote kwa milo mitatu, inabidi vigawanywe mara tano au sita, na protini iliwe kabla ya ugali au wali. Aliye bado kwenye majimaji anaweza kukoroga gramu 30 za unga wa maziwa yasiyo na mafuta ndani ya maziwa au uji. Huko kunaongeza protini gramu 10 au 11 bila kuongeza sana ujazo.

Vyakula viwili anavyoletewa mgonjwa kwa upendo vinadanganya hapa. Uji mwepesi wa mahindi wenye vijiko vitatu vya sukari hujaza tumbo kwa wanga na karibu hauna protini. Na mchuzi wa supu ya mifupa, hata ukichemshwa usiku kucha, una protini kidogo. Iliyo nyingi iko kwenye nyama, na mara nyingi nyama ndiyo anayonyimwa.

Sasa kuhesabu. Kukisia kwa macho hakufai, kwa sababu tumbo likishakuwa dogo kosa dogo linakuwa kubwa: kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na kwa anayekula kalori 800 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya siku nzima. Nunua mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Pima sufuria tupu na uandike uzito wake kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya kitako, usiwe na kazi ya kuipima tena. Kabla ya kupika, pima kila kinachoingia. Chukua maharage ya nazi: maharage makavu gramu 500 yana kalori kama 1,670, mafuta vijiko vikubwa vitatu ni 360, tui zito mililita 200 ni kama 400, vitunguu na nyanya tuseme 100. Jumla ni 2,530. Yakiiva, pima sufuria na vilivyomo, toa uzito wa sufuria. Ikiwa mboga ina kilo 2.2, gawanya 2,530 kwa 22, upate kalori 115 kwa kila gramu 100. Sasa unaweza kuchota upawa wowote, ukaupima na kujua umekula nini. Tazama pia kwamba mafuta na tui vimechangia kalori 760, karibu theluthi ya sufuria nzima, bila protini ya maana. Wanaolalamika kwamba "nakula maharage tu na sipungui" wana jibu lao hapo.

Ugali hupimwa vivyo hivyo. Unga gramu 500 una kalori kama 1,800. Ukitoa ugali wa kilo 1.4, kila gramu 100 ni kalori 129. Wa mwenzako unaweza kuwa laini zaidi na kalori pungufu, kwa hiyo usinakili namba za jirani.

Makosa matatu yanajirudia. La kwanza ni kuchanganya kibichi na kilichoiva: mchele mkavu una kalori kama 360 kwa gramu 100, wali ulioiva kama 130. Ukipima wali na kuandika namba ya mchele, umejihesabia karibu mara tatu. La pili ni alama za kwenye pakiti. Bidhaa nyingi za kwetu huandika kJ kwanza na kcal pembeni. Hivi ni vipimo viwili vya nishati ile ile, na unayoitaka ni kcal, ndiyo tunayoiita kalori hapa. Ikiwa haipo, gawanya kJ kwa 4.184, hivyo biskuti za kJ 2,000 kwa gramu 100 ni kalori 478. Angalia pia kama namba ni ya gramu 100 au ya kipimo cha mlo mmoja. La tatu ni kuamini programu za simu kwa vyakula vya hapa. Nyingi zimejazwa vyakula vya Marekani na Ulaya, na "ugali" humo umeandikwa na watumiaji, kila mmoja kwa namba yake. Tumia programu kama daftari tu, na namba zichukue kwenye Majedwali ya Vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, au ya Kenya ya mwaka 2018. Humo zimo mboga za majani, mihogo na dagaa wetu.

Sinia la pamoja ni tatizo la pekee. Hatusemi mtu ajitenge na wenzake. Apakuliwe kwanza kwenye kisahani, kipimwe, kisha akae sinia moja na familia, ale cha kwake.

Kuanzia mwaka wa pili, kinachorudisha uzito mara chache huwa ni sahani iliyojaa. Ni kudonoa: karanga kiganja kimoja, gramu 30, kalori 170, kashata ya kuonja, bagia mbili wakati wa kupika, chai ya maziwa yenye sukari mara nne kwa siku. Ni vinywaji pia, maana havishibishi na hupita upesi. Soda ya mililita 350 ina kalori kama 140, bia ya nusu lita kama 200. Kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi kwa mkupuo inaweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha ndani ya nusu saa. Andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na saa kilipoingia. Saa ndiyo hufichua kudonoa.

Mzani wa mwili upande mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda msalani na kabla ya kunywa chochote, ukiwa umewekwa juu ya sakafu ngumu. Juu ya zulia au mkeka husoma vibaya. Anayejipima kila siku anasoma maji, chumvi na hedhi. Na ajue mapema kwamba karibu na wiki ya tatu mzani unaweza kusimama kabisa, wiki moja hata mbili. Siku za mwanzo mwili humaliza akiba yake ya wanga, ambayo kila gramu moja hufuatana na gramu tatu hivi za maji, kwa hiyo kilo huporomoka. Mwili ukirudisha sehemu ya maji hayo, mzani hutuama huku mafuta yakiendelea kupungua. Hapo ndipo watu hupunguza chakula, na hapo ndipo wasipopaswa.

Kilo zigeuzwe kuwa asilimia. Aliyeanza na kilo 160 akapungua 40 amepoteza asilimia 25 ya uzito wake. Aliyeanza na 105 akapungua 28 amepoteza asilimia 26.7. Kwa picha za gazeti wa kwanza ameshinda. Kwa hesabu wamelingana, na wa pili yuko mbele kidogo. Baada ya mwaka, wengi waliobakiziwa mrija huwa wamepoteza asilimia 25 hadi 30, na waliounganishwa utumbo huwa kwenye 30 au kuzidi kidogo. Kuna hesabu nyingine, ya asilimia ya uzito uliozidi, na kliniki nyingine huitumia hiyo. Mwenye urefu wa mita 1.62 aliyeanza na kilo 124 anatakiwa awe na kilo 65.6 ili afike BMI ya 25 (BMI ni kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, na 25 ndiyo mpaka wa juu wa uzito wa kawaida), kwa hiyo ziada yake ni kilo 58.4. Akishuka hadi 98 amepungua kilo 26, ambazo ni asilimia 21 ya uzito wote, lakini asilimia 45 ya uzito uliozidi. Mtu mmoja, siku moja, namba mbili. Uliza kadi yako inatumia ipi kabla ya kujilinganisha na mtu. Uliza pia uzito wa kuanzia ni wa siku ya kwanza kliniki au wa asubuhi ya upasuaji, kwa sababu mlo wa maandalizi peke yake unaweza kuwa umetoa kilo kadhaa.

Kiuno kipimwe mara moja kwa mwezi kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi, bila kuivuta kamba ikabana ngozi. Mzani ukisimama na kiuno kikashuka, mafuta yanaondoka. Kwa misuli, kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, hesabu unasimama wima mara ngapi kwa sekunde 30. Idadi hiyo ikishuka mwezi hadi mwezi wakati kilo nazo zinashuka, protini haitoshi, au mazoezi ya nguvu hayapo.

Vipo visivyoonekana kwa mzani wala futi. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka maisha yote: wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12, vitamini D, kalsiamu, na sukari kwa mwenye kisukari. Vidonge vya kalsiamu na vya chuma viachanishwe angalau saa mbili, na chuma kisimezwe kwa chai.

Na daftari liwe na safu ya kutapika. Anayetapika siku mbili tatu mfululizo asijipongeze kwa kilo zilizoshuka. Aende hospitali, na aseme mapema kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache, na kutapika kunakofuatiwa na kuona viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa ni dharura. Dripu ya sukari ikitangulia kabla ya B1 inaweza kuzidisha madhara kwenye ubongo. Jambo hili ndugu wa mgonjwa walijue pia, kwa kuwa wakati huo yeye mwenyewe huenda asiweze kujieleza.

Kwa gazeti lako ombi letu ni dogo. Mnapochapisha habari ya aliyepungua, andikeni na urefu wake, uzito aliouanza, aina ya upasuaji na miezi iliyopita. Ni mstari mmoja chini ya picha.

Wataalamu wa lishe,
Dar es Salaam