Daftari la mtumbwi na ndoo isiyo na koki

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako, na kupitia kwao viongozi wa mikoa iliyolizunguka ziwa letu la Victoria, jambo ninaloliona kila ninapovuka. Mimi ni mchuuzi wa dagaa wa Kirumba, hapa Mwanza. Kazi yangu ni kwenda visiwani kununua dagaa waliokaushwa na kuwaleta Mwaloni, soko letu la samaki la Kirumba, ambako magunia hushushwa, hupimwa na kupakiwa tena kwenye malori yanayoelekea mikoani na nchi jirani, zikiwamo Burundi, Rwanda na Kongo. Sina taaluma ya udaktari. Ninachokijua ni njia wanazopita watu, na ugonjwa wa virusi hupita humo humo.

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, wa kisiwa kimoja ambacho sitakitaja kwa kuwa hali yake haitofautiani na ya vingine, niliketi kwa mama lishe kunywa chai. Pembeni yake ilikuwepo ndoo kubwa ya bluu yenye mfuniko, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe "NAWA MI", herufi zilizofuata zikiwa zimebanduka. Tundu la koki lilizibwa kwa kipande cha kandambili, na ndani ya ndoo mlikuwa na unga wa muhogo. Mama yule alinieleza bila kificho kwamba ndoo iliwekwa hapo mwaloni wakati wa mlipuko wa Marburg, ule ugonjwa wa virusi wa homa kali unaoua, koki ikavunjika, ikakaa miezi bila maji, naye akaiokota isije ikachukuliwa na mawimbi. "Baba, ndoo kavu ingemkinga nani?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Wasomaji wa mbali na ziwa huenda hawajui kwamba maisha ya mialo ya dagaa huendeshwa na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapopevuka taa haifui dafu, mitumbwi hupumzishwa, na wavuvi hufunga mabegi yao wakaenda makwao: wengine Ukerewe, wengine Sengerema, Bukoba, Musoma, na wengine huvuka mipaka kabisa. Baada ya siku kadhaa hurejea. Kwa hiyo kila mwezi, bila kukosa, maelfu ya watu waliolala wamebanana kwenye vibanda vya mabati hutawanyika kwa siku chache, kisha hukusanyika tena. Sijui kama kuna mtu aliyeketi na kalenda ya mwezi akaipangia kazi ya afya, lakini wauza bia na wauza mitumba walishaipangia biashara zao zamani.

Nayasema haya kwa sababu yameshatufika. Mlipuko wa kwanza wa Marburg nchini mwetu ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera. Mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, akaanza kuugua alipofika kijijini kwake, na akafia huko huko nyumbani. Baada yake waliugua watu wa familia yake, na wahudumu wa afya wawili nao waliambukizwa. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Mwaka 2025 ugonjwa ukarudi Kagera, safari hii Biharamulo. Rais alitangaza mlipuko tarehe 20 Januari, baada ya siku kadhaa za mvutano ambapo Shirika la Afya Duniani lilisema kuna tetesi za ugonjwa na wizara yetu ikasema sampuli hazikuonyesha kitu. Watu 10 walihesabiwa kuwa wagonjwa, 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa kwa dalili zao, na wote 10 wamelala kaburini.

Tarakimu hizo si kubwa ukizilinganisha na za UVIKO-19, lakini ziangalie kwa jicho la mtu anayepanda mtumbwi. Virusi vya Marburg vinaweza kukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla dalili hazijajitokeza. Mvuvi anaweza kuondoka kisiwani akiwa mzima, akapimwa joto gatini na kuonekana hana homa, akafika kwao, ndipo akaanza kutetemeka. Kipimajoto hakina kosa hapo. Kinachokosekana ni kumbukumbu: alipanda mtumbwi upi, alikaa na nani, na wale aliolala nao kibanda kimoja wamekwenda wapi. Meli kubwa za Mwanza na Bukoba huuza tiketi. Mitumbwi ya abiria na mizigo ninayopanda mimi haina karatasi yoyote. Nahodha huhesabu vichwa, hukusanya nauli, akawasha injini. Waliokutana na mgonjwa wanapaswa kufuatiliwa siku 21, na mlipuko hautangazwi kwisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya. Je, utamfuatilia vipi mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote?

Ombi langu kubwa basi ni daftari. Kila mtumbwi wa abiria uwe na daftari la jina, namba ya simu na kijiji anakokwenda msafiri, nakala ibaki kwa uongozi wa mwalo. Gharama yake haifiki bei ya lita moja ya petroli. Siku mtumbwi utakapozama, Mungu atuepushe, daftari hilo hilo litatusaidia kujua nani wa kutafutwa.

Kuhusu kinga yenyewe, nadhani tumechanganya mambo tangu 2020. Tulijifunza ndoo na sabuni kwa ajili ya UVIKO-19, ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa huenea kwa hewa tunayopumua, na ambao mtu huweza kuuambukiza siku moja au mbili kabla hajajihisi mgonjwa. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, ndoo pekee haitoshi. Kinachosaidia ni barakoa, chanjo, na hewa inayopita: daladala ya Igoma yenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya mvua, konda akiendelea kuamuru watu wasogee nyuma, ni hatari zaidi kuliko mkono usionawa. Marburg ni kinyume chake. Haitembei na pumzi ya mpita njia. Huenea kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mtu anayeugua au aliyekufa, pamoja na nguo na matandiko yake. Hapo maji na sabuni vina kazi kubwa, na glavu zina kazi kubwa zaidi. Haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, ingawa mgonjwa anayewahi kituoni, akarudishiwa maji mwilini na kutibiwa dalili zake, huongeza nafasi yake ya kupona.

Lililo zito kuliko yote ni maiti. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado una virusi, na sisi ni watu wa kuosha wafu wetu, kuwavisha na kuwaaga kwa mkono. Sikubaliani na wanaowaita wafiwa wajinga. Mwanamke aliyemuuguza mumewe siku nane hawezi kuelezwa na vijana waliovaa mavazi meupe mwili mzima kwamba asisogee, bila hata kupewa muda wa kusali. Wapewe muda huo, wasimame kwa umbali unaofaa, waone jeneza, shehe au padri aseme maneno yake, na vifaa vibaki mikononi mwa waliofunzwa. Familia iliyoheshimiwa haitazika usiku kwa siri.

Siri nayo ina mzazi wake. Takwimu za UVIKO-19 zilikoma kutolewa Mei 2020 zikiwa zimefikia wagonjwa 509, na pengo hilo likajazwa na uvumi. Mimi mwenyewe nilipiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, mpaka ngozi ya shingo ikababuka, nikijiona nimejikinga. Chanjo zilipozinduliwa Julai 2021, wenzangu wengi Mwaloni walikuwa wameshakwisha kuamini mengine, na haikuwa rahisi kuwarudisha. Mwaka 2023 wizara ilitangaza mapema, ikataja mkoa na idadi ya waliokufa, na nakumbuka jinsi mialoni watu walivyokuwa wakiulizana habari kwa utulivu. Mvuvi akijua kwamba kupiga simu ya bure 199 hakutamfanya aburutwe wala kibanda chake kuchomwa, atapiga. Asipojua, atapanda mtumbwi na homa yake.

Nawaomba pia waganga wakuu wa wilaya za visiwani wawapeleke wahudumu wa afya ngazi ya jamii mialoni siku mbili kabla ya mbalamwezi, si siku ya mkutano wa hadhara, maana siku hiyo utawakuta mama lishe na mbuzi peke yao.

Na ile ndoo ipo. Niliporudi wiki iliyopita nilimpelekea mama yule koki mpya, akaumwaga unga kwenye beseni na kukubali ndoo irudi mwaloni. Alichoniuliza, na ambacho nimeahidi kukiuliza katika gazeti hili, ni nani atakayekuwa akiijaza maji kila asubuhi.

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza