Kitabu Kabla ya Kitini: Barua ya Wazi kwa Walimu Vijana wa Kiingereza

Wanangu walimu,

Nawaandikia nikiwa nimekwisha kuweka chaki chini, baada ya miaka 36 ya kufundisha Kiingereza katika shule za sekondari, mingi kati ya hiyo mkoani Kigoma. Likizo iliyopita mjukuu wangu wa Kidato cha Tatu alikuja nyumbani na swali la somo lenu, lililomtaka aeleze dhamira za riwaya fulani. Nikamwambia alete kitabu. Akaniletea kitini cha kurasa kumi na moja, kilichodurufiwa mara nyingi mpaka herufi zimefifia, chenye jina la mwandishi, mandhari, wahusika, dhamira na ujumbe. Kitabu chenyewe hajawahi kukitia machoni, wala hakumbuki kumwona mwalimu wake akikishika. Dhamira sita alinitajia kwa mfululizo, kwa Kiingereza, bila kukosea. Lakini nilipomwuliza hadithi inaanzaje, alitazama chini akanyamaza. Ukimya ule ndio ulioniketisha kuandika barua hii.

Kabla sijawashauri, ni haki nikiri la kwangu. Miaka yangu minane ya mwanzo nilifundisha hivyo hivyo. Niliingia darasani na daftari nililonakili kutoka kwa mwalimu aliyenitangulia, nikajaza ubao, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Siku moja msichana wa dawati la mbele aliniuliza kama yule mama katika hadithi alijua kwamba mwanawe hatarudi. Sikuweza kumjibu, kwa kuwa kitabu kile nilikuwa nimekisoma mara moja tu chuoni, kwa haraka, nikitafuta hayo hayo ya kujibia mtihani. Nilimwambia swali hilo haliulizwi kwenye mtihani. Akaandika kitu daftarini, na hadi alipomaliza Kidato cha Nne hakuniuliza tena jambo lolote. Nimeshamwomba Mungu msamaha kwa ajili ya siku ile, na ninyi nawaomba msiirudie.

Najua mnafanya kazi katika hali gani. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapoingia Kidato cha Kwanza anakuta fizikia, kemia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Darasa lina wanafunzi sabini, nakala za kitabu ni tatu, na mwalimu wa taaluma anasubiri azimio la kazi likamilike kabla ya mtihani wa kanda. Katika hali hiyo kitini huonekana kama huruma kwa mtoto. Mimi nasema kwamba kinamnyang'anya kitu pekee ambacho kingemfundisha lugha, nacho ni hadithi inayomvuta mpaka asahau kwamba anasoma Kiingereza.

Nilikuja kulijua hilo katika shule moja ya Kigoma, nilipoamua kuwasomea wanafunzi kwa sauti riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, kutoka jalada hadi jalada, nikiwa na nakala moja. Nilidhani watachoka, maana kijiji cha Waigbo wa Nigeria kiko mbali nasi. Lakini nilipofika pale mwandishi anaposema kwamba kwa Waigbo methali ni mawese ambayo maneno huliwa nayo, darasa zima lililipuka kwa furaha. Hao ni watoto waliokulia chini ya michikichi, ambao mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wameula ndani ya mawese tangu waliposhika tonge. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tamathali ya usemi ni nini. Mvulana mmoja alisimama akaeleza kwamba chakula bila mawese hukwama kooni, na maneno makavu nayo vivyo hivyo. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili, nami sikumkatiza. Kitini cha jambo hilo kilikuwa na mstari mmoja, kwamba mwandishi ametumia methali kuipamba lugha.

Kisha tukafika sura ya saba. Ikemefuna, kijana aliyeishi miaka mitatu katika nyumba ya Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya, na kumwita baba, anatembea porini na wanaume wa kijiji akiwa na mtungi wa pombe ya mchikichi kichwani, akijiuliza kama mama yake angali hai. Nilisoma polepole. Mtu aliye nyuma yake anakohoa, panga linainuliwa, mtungi unaanguka na kuvunjika, kijana anamkimbilia Okonkwo akimwita baba, na Okonkwo anampiga kwa panga lake, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Nilipofunga kitabu hakuna aliyesogeza dawati. Baada ya muda sauti kutoka nyuma iliuliza, kwa Kiingereza kibovu kilichoeleweka kabisa, kama yule mtoto kabla ya kufa alitambua ni nani aliyempiga. Tulilijadili swali hilo vipindi viwili. Wengine walirudi kwenye maandishi, wakagombea ile nakala moja ili watafute neno la kuwathibitishia. Ndipo nilipoelewa nini maana ya kufundisha fasihi, na nilikuwa nimeshafundisha miaka tisa.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: someni kwa sauti, na someni vizuri. Usiku wa kuamkia kipindi, usome ukurasa huo chumbani kwako mara mbili au tatu, ujue wapi utashusha pumzi, nani ana sauti nzito na nani anazungumza kwa woga. Chagua maneno matano ambayo bila hayo hadithi haieleweki, uyaandike ubaoni kabla ya kuanza, kisha mengine yaache yapite. Mwalimu anayesimama kila sentensi kutafsiri anaiua hadithi na Kiingereza nacho hakikui. Robo saa ndani ya kipindi cha dakika arobaini inatosha. Ikiwa ni tamthilia, wape wanafunzi sehemu zao wasimame mbele. Na ukomee pale wanapotaka kujua kitakachofuata, hata kama bado una dakika mbili, maana watajadiliana njiani wakirudi nyumbani, na kesho yake watakuwa darasani kabla yako.

La pili linawahusu hasa wale mnaofanya kazi katika shule zenye kibao shingoni kwa mtoto anayesikika akiongea Kiswahili. Nimekiona kibao hicho, na nimeona kinachofanya: mtoto hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza. Waacheni wanafunzi wabishane kuhusu hadithi kwa lugha inayowatoka, kisha waambieni waandike hoja zao kwa Kiingereza, sentensi nne au tano, mkiwasaidia maneno. Mtoto mwenye la kusema atatafuta neno la kulisema. Wala msione aibu kutumia tafsiri. Riwaya hiyo ya Achebe ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, na mwalimu anayeisoma katika lugha zote mbili atagundua vitu ambavyo mwenye lugha moja haoni. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya kishairi ya Shakespeare, mwaka 1963, akiwa tayari ni Rais, kisha akairudia na kuisahihisha ikatoka tena mwaka 1969. Mtu hawezi kuhamisha shairi la namna ile mstari kwa mstari kama hakusoma Kiingereza kwa kina, na hawezi vilevile kama Kiswahili chake ni cha juujuu.

Huenda mtasema kwamba haya ni mapenzi ya mzee kwa vitabu tu. Basi nawaeleza yaliyofanyika Fiji, visiwa vilivyo mbali nasi lakini vyenye shida iliyofanana na yetu, ambako watoto wa vijijini huzungumza Kifiji au Kihindi nyumbani na kutakiwa wasome kwa Kiingereza shuleni. Kuanzia mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 katika madarasa ya shule za vijijini. Baadhi ya walimu walisoma hadithi pamoja na watoto na kuzizungumza, wengine waliwaacha watoto wasome kimya kila siku; shule nyingine za kulinganishia ziliendelea na masomo yao ya kawaida. Baada ya miezi minane watoto waliopewa vitabu walikuwa wakipiga hatua katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya ile ya kawaida, na mwaka wa pili faida hiyo ikaonekana hata katika uandishi wao. Ile robo saa yenu haipotei.

Kuhusu mtihani nitasema kwa ufupi. Maswali ya fasihi humtaka mtahiniwa atoe mifano kutoka kazi alizosoma, na mfano hutoka kwa aliyekiona kitu. Nimesahihisha maelfu ya insha, na mkono wa kitini nautambua katika mstari wa tatu, kwa kuwa wanafunzi arobaini huandika sentensi ileile pamoja na kosa lake. Kitini kitumieni mwishoni, darasa likishamaliza kitabu, ili wanafunzi wakipinge au wakikubali.

Lililobaki ni ufunguo. Katika shule nyingi nilizopita, kulikuwa na masanduku ya vitabu vyepesi vya Kiingereza, vilivyopangwa kwa ngazi, yamefungiwa stoo pamoja na majembe na mabati, kwa hofu kwamba wanafunzi watavipoteza. Katika shule moja tulilifungua sanduku ambalo halikuwa limeguswa kwa muda mrefu, na mchwa walikuwa wameshakula vitabu vya chini vyote. Vya juu vilikuwa vipya, kurasa zake bado zimeshikana. Vitabu vilivyopotea kwa kusomwa sijawahi kuvihuzunikia. Nendeni kwa mkuu wa shule Jumatatu, mkiwa na daftari la kuazimisha mlilokwisha kulipigia mistari, majina upande huu na tarehe upande ule, na mmwombe ufunguo kwa adabu. Akikataa, rudini Jumatatu inayofuata.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu, Kigoma