Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Kwaya ya Watoto Wetu Namugongo

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Mwaka huu tumekutana mara nne, ada imelipwa vizuri, na mahesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie jambo moja lililobeba mwaka mzima: kuwapeleka watoto 36 wa kwaya ya shule nchini Uganda, kwenye sherehe za Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, zinazofanyika Namugongo tarehe 3 Juni.

Tuliondoka Bukoba saa kumi na moja alfajiri. Daraja la Kyaka tulilivuka kukipambazuka, watoto wakiimba. Wimbo ulikatika Mutukula, mpakani.

Watoto wawili hawakuvuka. Barua zao za ridhaa ya mzazi hazikuwa na muhuri wa serikali ya mtaa. Tulieleza, tukasikilizwa kwa adabu, lakini mtoto havushwi mpaka kwa maneno matupu, na utaratibu huo unawalinda watoto wetu wenyewe. Mmoja wao ni binti wa Kidato cha Pili anayeongoza sauti ya pili. Hakulia mbele yetu. Alifungua begi, akatoa daftari lake la sulfa, yaani noti za do-re-mi, nyimbo zote ameziandika kwa mkono, akampa mwenzake na kumwonyesha kwa kidole pale ambapo sauti ya pili huchelewa kuingia. Kisha akarudi Bukoba na mwenzake, wakisindikizwa na mama mlezi mmoja.

Kosa hilo ni la kamati, na mimi ndiye mwenyekiti wake. Nawaomba radhi wazazi wa watoto hao mbele yenu nyote. Mwezi Machi tulikuwa na fedha mkononi, tukazipeleka kwa fundi wa sare. Hati za dharura za kusafiria, chanjo ya homa ya manjano na barua za ridhaa tukaziacha hadi wiki za mwisho za Mei. Vitenge vilipendeza kweli, na viwili vilibaki vimekunjwa kwenye begi safari nzima.

Njiani mwalimu wa kwaya aliwasimulia watoto habari za mashahidi hao: Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Kizito, kijana wa miaka kama 14, aliyebatizwa na Lwanga siku chache tu kabla. Basi lilinyamaza, wengi wao ndio umri huo. Aliwakumbusha pia kwamba wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padre Lourdel na Bruda Amans, walipofika Buganda mwaka 1879 walikuwa wamevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka kusini, upande wetu huu. Nilifurahi kwamba walilisikia hilo kabla ya kufika.

Mjini Masaka, Uganda, tulipokewa kwa ndizi na maharage kama nyumbani. Watoto wanaojua Kihaya waliomba “amaizi” wakaletewa maji bila mkalimani, maana Waganda nao husema “amazzi”.

Misa kuu ina kwaya yake. Watoto wetu waliimba mkesha wake, tarehe 2, nje, katikati ya mahujaji waliofika kwa miguu. Mzee mmoja alikuwa amelala kwenye mkeka, nyayo zimefungwa vitambaa. Walipoanza wimbo wa Kiswahili aliinuka, akaketi, akawa anagonga fimbo yake chini kufuata mapigo ya ngoma mpaka wimbo wa mwisho. Binti aliyeachiwa daftari aliingia pale pale alipoonyeshwa.

Kesho yake, baada ya Misa, waliliona kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda, na nguzo zake 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Watoto wetu Waanglikana waliomba tufike pia mahali wanapokumbukwa mashahidi wao 23, hapo hapo Namugongo. Tulikwenda wote, na ningependa iwe hivyo kila tukisafiri.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, kwamba sare zisishonwe upya. Shilingi ya kwanza iende kwenye hati. Kila mzazi alete nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa yenye muhuri kwa katibu kabla ya mwisho wa Januari. Asiyeweza kulipia hati aje kwangu mapema, tutasaidiana. Majina mawili ya kwanza kwenye orodha ya safari yameshaandikwa, na naomba mkutano huu uyapitishe leo.