Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha mafundi wa mitandao ya kompyuta hapa Dodoma nawasilisha taarifa ya mwaka ulioishia Desemba 2024. Hesabu za fedha anazo mweka hazina na ameshazigawa pamoja na ajenda, sitazirudia. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri, isipokuwa kwa wenzetu wachache ambao wanajijua. Orodha ya wanachama wapya ataisoma katibu. Wale wa Morogoro na Dar es Salaam ambao kila mkutano walikuwa wakituma udhuru wa safari sasa udhuru umewaishia: treni ya SGR inafika Dodoma tangu mwishoni mwa Julai, na tumeanza kuwaona kwenye mafunzo ya Jumamosi.

Sehemu kubwa ya taarifa hii naitoa kwa jambo moja, kwa kuwa ndilo lililotuchukulia muda mwingi na linamgusa kila fundi, awe anahudumia ofisi Mtumba, lodge Area D au shule Kongwa. Kamati iliamua kwamba chama kizima kihamie toleo la 4.4 la Wireshark, lililotoka mwishoni mwa Agosti. Hii ni programu ya kusoma pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyopita kwenye mtandao.

Wapo waliouliza: ya zamani si inafanya kazi, ya nini kuhangaika? Swali ni halali. Lakini tulipopitia kompyuta za wanachama tulikuta matoleo ya kila rika. Wengine walikuwa bado kwenye 3.6 kwa sababu mashine zao ni za Windows ya biti 32, na hilo ndilo toleo la mwisho kuzihudumia. Fundi mmoja anamtumia mwenzake faili la pakiti alizonasa, huyu anaona safu hizi, yule anaona zile, kichujio (amri ya kuchagua pakiti za kuonyesha) kinachokubali kwa huyu kinakataa kwa yule. Nusu saa inapotea wakibishana kuhusu programu, na mteja bado analalamika kwamba intaneti iko taratibu.

Kwa wanachama wapya: Wireshark ni programu ya kunasa pakiti zinazopita kwenye mtandao na kuzifungua moja moja ili usome kilichomo. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikabadilishwa jina mwaka 2006 alipohama kampuni, kwa kuwa haki ya jina la kwanza haikuwa mikononi mwake. Tangu 2023 inasimamiwa na Wireshark Foundation. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Hakuna sababu ya fundi yeyote kutumia nakala aliyopewa kwenye flashi na mtu asiyemjua, na bado tumezikuta.

Sasa mambo mapya. Lililonifurahisha kuliko yote ni profaili kujibadilisha zenyewe. Profaili tunazo siku nyingi: unapanga safu, rangi, vichujio na vitufe vya kazi fulani, unavihifadhi kwa jina. Tatizo ni kwamba ilibidi ukumbuke kuibadilisha kila unapofungua faili, na ukiwa na haraka hukumbuki. Katika 4.4 unaipa profaili kichujio chake. Ukifungua faili, programu inaangalia pakiti za mwanzo. Ikikuta zinazolingana na kichujio hicho, inahamia kwenye profaili hiyo bila kuambiwa. Tulitengeneza profaili ya simu za ofisini tukaipa kichujio `sip`, na ya ruta za MikroTik tukaipa `tzsp`.

Hiyo ya pili ina maelezo yake. Wengi wetu tunafunga MikroTik, na ruta hizi zina chombo cha kunasa pakiti kinachoweza kuzirusha moja kwa moja hadi kwenye kompyuta yako kwa itifaki (kanuni ya mawasiliano) ya TZSP, mlango wa UDP 37008. Wireshark inaielewa. Kwa hiyo huhitaji kupanda ngazi kwenda kwenye kabati la swichi na kompyuta mkononi. Unakaa mapokezi, unaiambia ruta irushe, unasoma. Wanachama waliohudhuria mafunzo ya Oktoba walilifanya hili wenyewe, na nadhani ndiyo Jumamosi pekee ya mwaka ambayo hakuna aliyeondoka kabla ya chai.

Nieleze kisa kimoja cha saccos ya hapa mjini, maana kinaonyesha faida ya profaili zenye vitufe vilivyoandaliwa. Walihamia jengo jipya, na tangu siku ya kwanza makarani wa kaunta wakawa wanalalamika: ukibofya, mfumo unaduwaa, halafu unafunguka kama kawaida. Mhasibu alikuwa ameshaandaa barua ya kuvunja mkataba na mtoa huduma wa intaneti. Mwanachama wetu alipofika alipima kasi, akakuta kasi ni nzuri. Mhasibu akamwambia, "Fundi, hata wao walipima wakasema hivyo hivyo, lakini njoo ukae hapa kwenye kiti cha karani uone." Akakaa. Akanasa pakiti kwa dakika chache wakati wateja wakihudumiwa, akafungua faili na kubofya kitufe chenye kichujio hiki:

`dns.flags.response == 0 && !dns.response_in`

Maana yake ni: nionyeshe maswali ya DNS ambayo hayakupata jibu. DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Skrini ikajaa. Kila swali lilikwenda kwanza kwenye anwani ambayo haikujibu kitu, na baada ya sekunde 5 swali lile lile likaenda kwenye anwani ya pili, likajibiwa papo hapo. Kompyuta za kaunta zilikuwa za Linux, ambayo kwa kawaida husubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu seva inayofuata. Ile anwani ya kwanza ilikuwa ya seva iliyoachwa kwenye jengo la zamani, na ruta ilikuwa bado inaigawa kwa kila kompyuta. Alifuta mstari mmoja kwenye mipangilio ya DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani, akawasha kompyuta upya. Barua ya mhasibu haikutumwa.

Kichujio hicho si kipya, kingefanya kazi hata kwenye matoleo ya nyuma. Kipya ni kwamba sasa kinakaa kwenye profaili ya chama, kila mwanachama anacho, na hahitaji kukikariri.

Jambo la pili ni la kunakili vichujio. Wote tunajua usumbufu wa lugha mbili: ile ya kuchuja pakiti zilizokwisha kunaswa na ile ya kuchagua zipi zinaswe. Ya kwanza unaandika `ip.addr == 192.168.88.10`, ya pili unaandika `host 192.168.88.10`. Wanafunzi wa vyuo wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo huchanganya hapo kila mwaka. Toleo la 4.4 lina amri, kwenye menyu ya kuhariri, inayogeuza kichujio cha aina ya kwanza kuwa cha aina ya pili. Haiwezi kugeuza kila kitu, kwa kuwa lugha ya kunasia ni finyu zaidi, lakini kwa anwani na milango inatosha.

Safu nazo zimepanuliwa. Zamani safu ya ziada ilionyesha thamani ya uga uliouchagua. Sasa unaweza kuandika hesabu, mfano `frame.len * 8` ukitaka ukubwa wa pakiti kwa biti. Wapo watakaoshangilia hili. Mimi nimelitumia kidogo. Grafu za trafiki, za mazungumzo ya simu na za TCP zimeboreshwa, na hizo nazisifu bila kusita, kwa sababu mteja asiyesoma pakiti anasoma mchoro. Mkurugenzi akiona mstari unavyoporomoka kila saa nne asubuhi, maswali yake yanabadilika.

Wanaotumia skripti za Lua, lugha ya kuiongezea Wireshark uwezo, wawe macho. Toleo hili linatumia Lua 5.3 na 5.4, na limeachana na 5.1 na 5.2. Skripti mbili za chama zilikataa kufanya kazi hadi ziliporekebishwa. Zilizorekebishwa ziko kwa katibu.

Pamoja na sifa zote hizo, sikubaliani na kauli niliyoisikia kwenye kikao cha Novemba kwamba programu sasa inamfanyia fundi kazi. Toleo liwe jipya namna gani, linaona tu kinachopita pale ulipochomeka kebo. Ukichomeka kompyuta kwenye mlango wa kawaida wa swichi, utaona trafiki yako mwenyewe na matangazo ya jumla, basi. Ukitaka ya wengine, ni lazima uiambie swichi ikurudishie nakala ya mlango unaoutaka, au urushe kutoka kwenye ruta kama nilivyoeleza. Na yule anayeuliza kila mara kwa nini pakiti zinazotoka kwenye kompyuta yake zina baiti elfu kadhaa wakati Ethaneti ya kawaida haipitishi zaidi ya 1,514: ni kadi ya mtandao, ambayo hukatakata data yenyewe baada ya Wireshark kuinasa. Nasa kutoka kwenye swichi, utaona ukubwa halisi.

Mfano wa kujua ulipochomeka tuliupata tarehe 12 Mei, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Simu zetu hazikupumzika. Kuna mteja aliyekuwa tayari kununua ruta mpya siku hiyo hiyo. Waliochukua muda wa kunasa pakiti waliona jambo moja kila mahali: maombi ya kuunganisha yanatoka kwenye jengo salama, yanarudiwa, majibu kutoka nje hayarudi, wakati seva za ndani ya nchi zinajibu. Ukimwonyesha mteja hivyo, anaelewa kwamba ruta yake haina kosa na anatunza fedha yake. Kulikuwa na mafundi, si wa chama hiki nashukuru, waliouza ruta wiki ile.

Sasa la sheria, ambalo sitalipunguza hata kama baadhi yenu mnaona nimelisema sana. Kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Faili la pakiti lina anwani za watu, majina ya tovuti wanazofungua, na kwenye mifumo isiyosimbwa hata nywila. Kuanzia sasa hakuna mwanachama atakayenasa pakiti kwa mteja bila fomu ya idhini iliyosainiwa na mwenye mtandao. Hakuna faili la mteja litakalorushwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mkihitaji msaada wa wenzenu, punguzeni kwanza: Wireshark inaweza kunasa baiti za mwanzo tu za kila pakiti, na mara nyingi vichwa vya pakiti, yaani sehemu ya mwanzo yenye anwani, vinatosha kuona tatizo. Faili likishatoa jibu, lifutwe.

Kwa mwaka 2025 kamati inapendekeza mambo yafuatayo yajadiliwe leo. Profaili za chama, ambazo zinasafirishwa kama faili moja la zip, zisasishwe kila robo mwaka na mtu atakayechaguliwa, asiwe mimi. Mafunzo yapelekwe Mpwapwa na Kondoa, maana wanachama wa huko wamechoka kuitwa mjini kila mara. Wenye mashine za biti 32 wapewe nafasi ya kununua kompyuta zilizokwisha tumika na kuzilipia kidogo kidogo kupitia mfuko wa chama. Mweka hazina ana hesabu, na ninajua hakubaliani nami, kwa hiyo msikilizeni naye. Fomu ya idhini iko mezani kwa katibu, tafadhali kila mmoja achukue nakala kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti