Ajali za bodaboda Mbeya zichunguzwe palepale zinapotokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nifikishe ombi moja kuhusu ajali za bodaboda katika mkoa wetu wa Mbeya na mikoa jirani ya Nyanda za Juu Kusini. Ombi lenyewe ni kwamba Serikali igharimie utafiti wa kuzichunguza ajali hizo mahali zinapotokea, kabla pikipiki haijaondolewa na kabla mvua haijafuta alama za matairi.

Ombi hili limetokana na uchungu wa nyumbani. Mpwa wangu, ambaye ni bodaboda, alikuwa akienda moja kwa moja pale gari dogo lilipokata kona ghafla kuingia kulia mbele yake. Alivunjika paja na kulazwa wiki nyingi. Katika maelezo ya ajali chanzo kiliandikwa kuwa ni mwendokasi wa mwendesha pikipiki, ingawa hakuna aliyepima alama za breki wala aliyemuuliza dereva kama alimwona. Askari aliyeandika simlaumu sana, kwani alifika peke yake, watu wamejaa na majeruhi analia. Lakini neno hilo moja ndilo linaloingia katika takwimu, na takwimu ndizo zinazoamua hatua gani zichukuliwe.

Marekani walilishughulikia jambo hili zamani. Mamlaka ya serikali yao inayosimamia usalama barabarani iliwapa kazi watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, wakiongozwa na Harry Hurt, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Walizichunguza papo hapo ajali zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles, wakapitia pia taarifa za polisi 3,600. Waligundua kuwa takriban robo tatu ya ajali zilihusisha pikipiki na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya hizo aliyekosea ni dereva wa chombo hicho kingine, ambaye hakumpisha mwenye pikipiki, mara nyingi kwa sababu hakumwona. Kwa kawaida mwendeshaji alibaki na muda usiofika sekunde 2 wa kujiokoa. Asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi: walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Nilipolisoma hili niliwakumbuka vijana wetu wanaofundishwa jioni moja katika uwanja wa mpira, na kesho yake wakabeba abiria. Watafiti hao walipima pia dai ninalolisikia kila siku vijiweni, kwamba kofia ngumu inaziba masikio na kupunguza kuona, wakakuta si kweli.

Hata hivyo, majibu ya Los Angeles hayawezi kuwa majibu yetu yote. Wao hawana ukungu wa Uporoto unaomeza taa saa mbili asubuhi, wala mteremko wa Mlima Iwambi ambako pikipiki hupita kandokando ya malori yanayokwenda Tunduma. Hawabebi mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo, wala magunia ya viazi kutoka Isyonje. Nimewaona vijana wakizima injini mlimani ili kuokoa mafuta, na hapo mzigo wote unabaki juu ya breki. Liko pia suala la hesabu ya tajiri, yaani fedha anazodaiwa na mwenye pikipiki kila siku, ambayo humfanya kijana aliyeanza kazi alfajiri asilale mpaka ipatikane. Mtafiti anayefika kwenye ajali anapaswa kuuliza kijana huyo ameamka saa ngapi, pamoja na kukagua breki, tairi, taa, na kama mkanda wa kofia ulikuwa umefungwa.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao hapahapa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake mjini, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina madaktari. Wakishirikiana na polisi, timu ndogo inaweza kuwa zamu usiku na mchana kwa mwaka mzima, ili msimu wa mvua na kiangazi vyote vionekane. Nasisitiza sharti moja: maelezo yanayotolewa kwa watafiti yasitumike kumshtaki mtu, la sivyo kila atakayehojiwa, awe dereva au bodaboda, ataficha ukweli. Matokeo nayo yapelekwe vijiweni, Mwanjelwa, Mafiati, Uyole na Mbalizi, yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wenyewe, nao waulize maswali.

Mpwa wangu yuko tayari kueleza yote anayoyakumbuka kuhusu siku ile, pamoja na mwendo aliokuwa nao. Mpaka leo hajaulizwa na mtu yeyote.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.